Kuhusu ile chati yako

Swahiba,

Salamu, na wa kwako wote. Kimya chetu tutakijadili siku nyingine, maana chati ya faida na hasara uliyonitumia imeninyima raha.

Majina ya miezi yamekwama katikati, juu ya nguzo za hasara. Machi haisomeki kabisa! Mhimili mlalo (ule mstari wa miezi) hukata ule wima (wa namba) penye sifuri, na majina huganda hapo hapo.

Eti shemeji anasema ushushe makutano ya mihimili hadi -40? Usimsikilize. Kufanyika kunafanyika: kwenye Excel unabofya kulia mhimili wima (ndiyo, wima, ukitaka kuusogeza mlalo unamshika mwenzake, sijui nani aliwaza hivyo), unafungua "Format Axis", kisha unaandika -40 kwenye "Axis value". Majina yatashuka, sawa. Ila nguzo nazo huota pale mihimili inapokutana. Mwezi wenye hasara ya 10 utasimama wima kwa kimo cha 30, kama faida vile! Bosi wako atapiga makofi, halafu atasoma namba, halafu... mimi simo.

Wewe hamisha majina tu, mhimili uache kwenye sifuri. Bofya mhimili mlalo wenyewe, shuka hadi kwenye lebo ("Labels", yaani hayo majina), na kwenye "Label Position" chagua "Low". Basi. Hasara zitaning'inia zilivyo, na miezi itajipanga chini.

Kama umeshaiacha Excel na kuhamia LibreOffice, ile programu ya bure, ulivyokuwa ukitishia, kule unabofya mhimili ule ule unaotaka kuusogeza. Makutano na lebo vyote viko kwenye "Positioning". Lebo zipeleke "Outside start".

Sisemi makutano yasiguswe kamwe. Ukiwa na lengo la 100, yaweke kwenye 100: miezi iliyovuka lengo inapanda, iliyopungukiwa inaning'inia, na mtu anaelewa kabla hujafungua mdomo. Hiyo naipenda. Lakini hasara ni hasara, shemeji aache kuipandisha cheo.

Haya, ripoti inatakiwa lini? Ile chati ya pili, ya mauzo, nayo ameshaishika? Na tangu lini yeye ndiye fundi wa mambo haya? Mdogo wako amepata ile kazi? Na kitabu changu, au nikihesabu kimekwenda?

Wako,
yule yule