Barua ya wazi kwa mashabiki wakubwa wa katuni za mtandaoni

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliotimiza miaka 18 na kuendelea, mnaopenda katuni za wasanii huru, zile zinazorushwa YouTube bila kungoja kituo cha televisheni. Najua wadogo zenu watasoma pia, na neno lao nimeliweka mwishoni. Mzigo mkubwa nawatwika ninyi.

Watoto wamo humo humo mlimo. Kipindi cha majaribio cha Hazbin Hotel, kazi ya Vivienne Medrano, kilipotoka Oktoba 2019, kilikuwa cha watu wazima bila kificho: matusi, damu, mambo ya chumbani. Watoto walikitazama. The Amazing Digital Circus ya Gooseworx, iliyotolewa na Glitch Productions ya Australia Oktoba 2023, ina rangi za kumvuta hata mtoto wa chekechea, ilhali kiini chake ni watu walionaswa mahali wasikoweza kutoka, wakiogopa kurukwa na akili. Na Battle for Dream Island, iliyoanza 2010, ina mashabiki ambao imewazidi umri.

Mtasema kuna kikomo cha umri mitandaoni. Kipo, kwa kawaida miaka 13, lakini angalieni kilikotoka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inazikataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Ni sheria ya taarifa. Ukomavu wa mtu haikuupima. Kampuni nyingi zikaona nafuu ni kuwafungia watoto hao mlango, na namba ile ikaenea duniani. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza madai ya kuivunja sheria hiyo, na tangu Januari 2020 video iliyotajwa kuwa ya watoto haipokei maoni. Basi mtoto anayetaka kuizungumzia katuni aipendayo anaandika mwaka wa kuzaliwa usio wake, anakuja mlipo.

Sasa mwongezeeni mtoto huyo lugha ya kigeni. Katuni hizi zina wapenzi kila bara, lakini mabishano makubwa huendeshwa kwa Kiingereza. Mwenye miaka 14 anategemea programu ya kutafsiri, na programu ile inamvua adabu yake yote: ombi linatoka kama amri, utani unatoka kama tusi. Lugha nyingi, yetu ikiwamo, haziwatenganishi mwanamume na mwanamke kwa kiwakilishi. Akikosea hapo, akamwita “he” mhusika mnayempenda ambaye ni “she”, mtu anapiga skrinishoti, anaisambaza, na kufikia asubuhi mamia ya wageni wanamwita mwenye chuki. Hajui hata amekosa nini. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu wanaomshambulia wanaamini wanatenda haki.

Kwa hiyo kabla ya kukasirika, ulizeni. Ulizeni hadharani, kwa sentensi fupi, mara moja: ulimaanisha nini? Akionekana ni mtoto, mrekebisheni kisha mwacheni. Msiite umati. Msimfuate inboksi hata kwa nia njema, kwani mkimzoesha kuongea faraghani na mtu mzima asiyemjua, mnamrahisishia kazi atakayekuja baada yenu na nia nyingine.

Michoro yenu ya watu wazima iwe na alama, na ikae mahali pake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Katika hili siwafuati.

Na wenye makundi ya mashabiki mtandaoni, msimpe mtoto usimamizi. Najua ana bidii, yuko macho saa ambazo ninyi mmelala, na huenda ndiye anayewaandikia manukuu ya video kwa lugha yake bila malipo. Mshukuruni kwa jina alilojichagulia. Lakini msimamizi ndiye wa kwanza kuona picha chafu na vitisho kabla havijafutwa, na kazi hiyo ni ya mtu mzima.

Nanyi wadogo. Hamna deni la kumtajia kila mtu umri wenu, wala shule, wala sura. Ila msijifanye wakubwa. Mtu mwema atazungumza nanyi ya wakubwa bila kujua, na mtu mbaya atapata kisingizio. Shabiki mkubwa akikusifu kwamba una akili kupita rika lako, kisha akataka picha, au akakuambia maongezi yenu yawe siri, usimjibu tena. Usifute alichoandika. Mpelekee simu mtu mzima unayemwamini nyumbani au shuleni siku hiyo hiyo, hata kama itabidi ukiri ulikuwa ukitazama usichoruhusiwa. Hilo la kutazama mtalizungumza siku nyingine.

Mzee wenu