Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Miche 3, Gramu 50

Ndugu wanachama,

Assalamu alaikum, na kwa wenzangu wengine, habari za jioni. Nawashukuru wote mliokuja na mvua hii ya Hamburg, na zaidi yule aliyebeba sufuria ya pilau kwenye treni kutoka Harburg. Pilau tutaifikia baada ya hesabu.

Mwaka jana nilisimama hapa nikajigamba kwamba kazi hii ya kupanda bangi nyumbani tumeshaijua. Leo nasimama mbele yenu nikiwa nimetupa mche wangu mzuri kuliko yote niliyowahi kupanda, umeoza katikati. Kwa hiyo taarifa yangu inaanzia hapo, maana wanachama wengine 3 walipatwa na lilelile mwezi uleule wa Oktoba.

Maua yalikuwa yamejaa, yananata, yamebakiza wiki 2 kuvunwa. Asubuhi moja nikaona jani moja dogo limekauka juu ya ua, peke yake, wenzake wote wabichi. Nilipolivuta likatoka bila ubishi. Nikalipasua ua: ndani kijivu tupu, vumbi kama la jiko la mkaa. Huo ndio ukungu wa kijivu, ambao wataalamu huuita Botrytis. Unaanzia ndani, mahali ambapo hewa haipiti, na ukionekana kwa nje umeshamaliza kazi yake. Hakuna dawa ya kupuliza kwenye ua ambalo mtu atakuja kulivuta. Unakata na kutupa, na kisu unakiosha.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na kipima unyevu ndani ya hema, lile la kupandia chumbani chini ya taa, nikakiona kinasoma asilimia 68, nikaongeza feni. Kikabaki palepale. Ilinichukua siku 4 kuelewa kwamba hema halitengenezi hewa, linaazima ya chumba. Na chumbani mwangu, kwa sababu ya baridi, dirisha lilikuwa limefungwa na nguo za watoto zimeanikwa pembeni ya hema. Feni yangu ilikuwa ikivuta maji ya nguo na kuyapeleka kwenye maua. Tangu hapo kamati imenunua vipima unyevu vya kuazima, na sharti letu ni kwamba unachukua 2: kimoja cha hema, kimoja cha chumba. Wakati wa maua tunataka asilimia 40 hadi 50. Dirisha lifunguliwe lote, dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, kama wafanyavyo majirani zetu Wajerumani ambao tulikuwa tukiwacheka. Tena feni isizimwe pamoja na taa. Taa ikizimika joto linashuka na unyevu unapanda, na huo ndio wakati ukungu unapofanya kazi.

Waliookoka ukungu, baadhi yao waliharibu kwenye kukausha. Ndugu yetu mmoja alitundika matawi juu ya kipasha joto, siku 3 yakawa makavu kama majani ya mgomba, yananuka nyasi. Kukausha ni siku 10 hadi 14, gizani, nyuzi 18 hadi 20, mpaka kijiti kivunjike badala ya kupinda. Mtu aliyesubiri miezi 4 anashindwaje kusubiri wiki 2?

Sasa mambo ya mbegu. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mmea huu humea nyuma ya nyumba za watu wasiotaka kutajwa, bila taa, bila hema, bila kipima chochote. Ndiyo maana mwaka huu lilitokea wimbi la kutaka "ya nyumbani". Mwanachama mmoja aliagiza, kwa muuzaji aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, mbegu zilizotangazwa kuwa asili yake ni Malawi. Zikaota vizuri. Tatizo ni kwamba mimea ya karibu na ikweta haikuzoea tabia za huku. Tanga mchana haubadiliki hata saa nzima kutoka Januari hadi Desemba, kwa hiyo mmea wa kule haungoji siku zifupike ndipo utoe maua kwa haraka. Unarefuka huku unachanua, unachanua huku unarefuka. Alipopunguza muda wa taa kutoka saa 18 kwa siku hadi saa 12 ili uchanue, mche ukapanda mara mbili na zaidi ya urefu wake, ukagusa taa, vilele vikaungua. Aliufunga kwa kamba, akaupinda kama mtu anayefundisha mharagwe. Aina za kawaida zinazouzwa huku humaliza maua kwa wiki 8 au 9. Wake ulikwenda wiki 14. Bili ya umeme alikuja nayo hapa mkutanoni, akaipitisha kama picha ya harusi.

Na tukiwa kwenye bili: taa ya wati 150 ikiwaka saa 18 inakula uniti 2.7 kwa siku. Ikiwaka saa 12, uniti 1.8. Ukipiga kwa senti 40 kwa uniti, mwezi 1 wa majani na miezi 2 ya maua ni karibu euro 76, kabla ya feni. Anayedhani hobi hii inaokoa pesa ahesabu upya.

Kuna aliyeniuliza kama anaweza kurudi na mbegu kwenye sanduku akitoka likizo. Hapana. Sheria ya Ujerumani inaruhusu mpandaji wa nyumbani kuingiza mbegu kutoka nchi za Umoja wa Ulaya tu. Na kule nyumbani iko Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015, na ya Kenya ya mwaka 1994, ambazo hazitakuuliza kadi ya chama. Anayekwenda likizo akague hata mifuko ya suruali aliyovaa siku ya kupogoa.

Jambo lililonisumbua kuliko ukungu mwaka huu ni ukarimu wetu. Kwetu mtu akivuna, jirani haulizi kama atapata, anauliza lini. Sheria ya bangi ya Ujerumani iliyoanza tarehe 1 Aprili 2024, ambayo kwayo tunapanda bila kujificha, inasema kinyume kabisa: ulichokipanda nyumbani ni cha matumizi yako mwenyewe. Kuuza ni marufuku, na kumpa mtu bure ni marufuku vilevile. Si shemeji, si jirani, si mwenyekiti. Najua inakwaruza. Mimi mwenyewe nimewahi kumrudisha mlangoni mzee ninayemheshimu, nikamkaribisha chai, na chai ikaisha bila neno lingine kutajwa.

Pamoja na hilo kuna mtego wa uzito. Sheria inakupa miche 3 hai, halafu inakuruhusu kuwa na gramu 50 kavu nyumbani, na gramu 25 ukiwa nje. Mche mmoja ulioshiba unaweza kuzipita hizo 50 peke yake. Mwezi Novemba nilipigiwa simu karibu na usiku wa manane: "Mwenyekiti, mzani unasema 83." Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nikamwambia linalosemwa na sheria: ukipita 50 hadi 60 ni kosa la faini, kupita 60 ni jinai. Akauliza kama hizo 33 anaweza kumpa kaka yake anayekaa ghorofa ya chini. Nikanyamaza. Akaelewa. Alizichanganya na machicha ya kahawa na kuzitupa usiku uleule, na nasikia mke wake alicheka hadi asubuhi, maana yeye ndiye aliyemwambia tangu mwanzo apande mche mmoja.

Huo ndio msimamo wangu pia, na naomba uandikwe kwenye kumbukumbu: mche 1 kwa wakati mmoja, chungu kidogo, na wa pili uanze wa kwanza ukishavunwa. Anayeng'ang'ania miche 3 kwa sababu tu sheria imeitaja anapanda mzigo wa kutupa.

Kuhusu hesabu ya watu: miche 3 ni kwa kila mtu mzima anayeishi hapo, na awe ameishi Ujerumani angalau miezi 6. Mjomba aliyekuja kutembea kwa viza ya miezi 3 si miche 3. Nalisema hili kwa sababu lilitendeka, na mjomba mwenyewe hakuwa na habari kwamba kuna hema lililopandwa kwa jina lake.

Hema lifungwe kwa kufuli. Sheria inataka watoto wasifikie mmea, na watoto wetu wana macho. Mtoto wa mwanachama mmoja alichora nyumba yao shuleni: baba, mama, paka, na kabati linalotoa mwanga wa zambarau. Mwalimu aliusifu mchoro. Hakuna aliyeuliza, lakini baba mtu alinunua kufuli jioni ileile.

Umeme: ekstensheni moja iliyeyuka mwezi Februari. Ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, ambayo nayo ilikuwa sakafuni chini ya chungu kinachovuja. Hakuna aliyeumia. Soketi ya hema itoke ukutani moja kwa moja, na nyaya zining'inizwe juu ya usawa wa maji.

Wanachama wanaoendesha magari ya mizigo wanajua kiwango cha mwisho kwa dereva: nanogramu 3.5 za THC, yaani kilevi cha bangi, kwa mililita ya seramu ya damu, tangu Agosti 2024. Kwa mwenye leseni ya majaribio, au aliye chini ya miaka 21, ni sifuri. Anayevuta kila siku asijidanganye kwamba kulala usiku mmoja kunatosha.

Upande wa siasa, serikali iliyoingia mwezi Mei 2025 iliahidi katika mkataba wake wa muungano kuitathmini sheria hii msimu wa vuli, na sheria yenyewe inadai ripoti nyingine ifikapo Aprili 2026 na ya mwisho Aprili 2028. Kamati haitabashiri. Tunachoweza kufanya ni kutokuwa mfano mbaya kwenye ripoti ya mtu. Nakumbusha kwamba sisi si chama cha kilimo cha bangi chenye kibali, vile vinavyoruhusiwa hadi wanachama 500 na kuwagawia mavuno. Sisi ni chama cha kubadilishana ujuzi. Hapa hakiletwi kichipukizi, wala ua, wala "harufu tu". Picha zinatosha.

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina. Nitasema moja tu: ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka jana, na wanaodaiwa wanajijua, baadhi yao wamekaa karibu na sufuria.

Kwa upande wangu, bado nashindwa kumwambia mama yangu ni chama gani ninachokiongoza. Kwake neno bangi lina maana moja, mtu aliyeharibikiwa na kuokota makopo barabarani, na miaka yake 78 si ya kubishana nayo. Anajua ni chama cha bustani za ndani. Jumapili iliyopita kwenye simu aliniuliza mwaka huu tumevuna nini. Nikamwambia mvua ilikuwa nyingi, tumevuna kidogo. Akasema pole, mwakani panda mapema.

Kwenye uchaguzi, Katibu na Mweka Hazina wamekubali kuendelea. Nafasi ya mtunza vifaa iko wazi kwa sababu aliyekuwepo amehamia Bremen, na vipima unyevu 2 amehama navyo. Anayempata kwenye simu amkumbushe. Majina ya wanaogombea yaandikwe kwenye karatasi iliyo mezani kabla ya kuanza kula.

Mwenyekiti