Umeme wetu unaishia kwenye vioo

Ndugu Mhariri,

Tangu mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuzalisha, megawati 2,115 kwa jumla, habari za mgao zimepungua na sasa tunajivunia umeme wa ziada. Mimi ni fundi viyoyozi hapa Dar es Salaam, na kazi yangu inanionyesha unakoishia.

Jengo limeelekezwa magharibi, ukuta mzima ni kioo, na hakuna dirisha hata moja linalofunguka. Saa tisa alasiri jua liko mezani. Kiyoyozi kimewekwa nyuzi 16. Karani aliye chini yake kavaa sweta, mwenzake wa dirishani anajipepea kwa faili. Nje, mashine zimebanwa kwenye uchochoro mmoja, kila moja inavuta hewa ya moto iliyotemwa na jirani yake. Hapo hata kompresa mpya haidumu. Na wala si kwamba hatujui kujenga: angalieni majengo ya miaka ya 1960 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye vivuli vya zege na upepo unaopita upande hadi upande.

Wasanifu siwalaumu peke yao. Taasisi ya umma hununua kiyoyozi kwa fungu moja, bili ya umeme ikalipwa kwa fungu jingine. Kwa hiyo cha bei ya chini ndicho kinachonunuliwa, na cha inveta, ambacho ni ghali dukani lakini hakili umeme sana, kinaachwa.

Wenzetu wa Kenya tangu 2012 waliweka kanuni kwamba jengo au kiwanda kinachotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kikaguliwe matumizi yake kila baada ya miaka mitatu. (Utekelezaji ni habari nyingine.) Sisi tuanze na majengo ya serikali, hasa yanayoendelea kujengwa Mtumba, mji wa serikali kule Dodoma, ambako usiku kuna baridi na dirisha likifunguka kiyoyozi kinapumzika. Zabuni ihesabu na umeme wa miaka kumi, siyo bei ya dukani tu. Manispaa zisitoe kibali kwa mchoro wenye kioo kitupu upande wa magharibi. Na taasisi ikipunguza bili, iachiwe nusu ya fedha iliyookoa inunulie feni na vivuli vya madirisha. Zikirudi zote Hazina, nani atahangaika kuzima swichi?

Fundi viyoyozi,
Ilala, Dar es Salaam