Somo, usilipe dipoziti bado

South B, Nairobi

Kwako somo yangu Rukia,

Ujumbe wako niliusoma dukani nikiwa nimeshika mkate, nikatoka hata chenji nisingoje. Kumbe Mombasa mnaihama kweli! Mpe shemeji hongera kwa kazi ya Industrial Area. Lakini zile picha za nyumba ya Ruaka, na hilo jiko la marumaru ulilolipenda, zimeninyima raha. Ruaka iko kaskazini, ndani ya Kiambu. Industrial Area iko huku kusini. Kati yao pana jiji zima la kuvuka, asubuhi na jioni. Halafu Salma na Hamisi watasoma wapi?

Sikucheki, kwani nami nilianza hivyo hivyo. Tulipohamia tulikodi nyumba Syokimau: vyumba vitatu, baraza, upepo mwanana, na kodi ambayo tungekwenda nayo Kilimani tungefukuzwa. Athmani tukamtafutia shule mjini. Basi la shule likipita saa kumi na moja na robo alfajiri. Nilikuwa nikimvisha soksi angali amelala. Namwinua mguu, naingiza kiatu, nafunga kamba, mtoto hafungui hata jicho moja. Nambeba hadi getini, namkabidhi kwa dada wa basi kama furushi la nguo. Jioni Mombasa Road imeshonana malori, anarudi amelala tena. Muhula haujaisha mwalimu akanipigia simu: kijana anasinzia juu ya daftari. Na lile baraza tulilokuwa tukililipia tulilikalia Jumapili tu.

Utaniambia siku hizi kuna barabara ya juu. Ipo, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Ila ni ya kulipia, na kwenda na kurudi kila siku ya Mungu mfuko utalia.

Kwa hiyo anza na shule, kisha kazi ya shemeji, nyumba ije mwisho. Kwa Industrial Area nakuona South B, South C, Imara Daima, au hata Buruburu. South B ndiko niliko, basi nipunguzie imani kidogo. Lakini hospitali ya Mater iko hapa, soko lipo, na kuna mtaa unaitwa Mariakani, jina la mji wa huko kwenu pwani, hutajiona mgeni. South C chuo cha Qur'ani cha watoto hutakihangaikia. Tatizo lake ni masika. Mvua ikikaza baadhi ya mitaa huingia maji, na 2024 watu walioshea viatu sebuleni. Ukionyeshwa nyumba ya chini, usitazame dari. Inama utazame nguzo ya geti, uone rangi mpya imeanzia wapi na chini yake kuna mstari wa tope au hakuna. Buruburu ilijengwa kuanzia miaka ya 1970, nyumba zenye ua, na watoto wa zamani wa huko wanaisifu mpaka leo. Sasa nyua nyingi zimejengwa maduka na vyumba vya kupanga, kwa hiyo inategemea umeangukia kona gani.

Shida ya maji mtu wa Mombasa simfundishi. Jua tu kwamba huku mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na huja kwa zamu. Uliza mtaa huo zamu yake siku gani, na tangi la ploti lina ukubwa gani. Wakikwambia wana kisima, usishangilie haraka: visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na meno ya watoto hupata madoa ya kahawia. Ya kunywa nunua.

Tena usiende kuona nyumba saa tano asubuhi siku ya Jumanne, saa wanayopenda maajenti. Mimi ndivyo nilivyopelekwa kwa nyumba yetu ya pili. Kimya kama makaburini! Ijumaa usiku baa ya nyuma ilipofungulia spika, glasi zilikuwa zikigongana kabatini peke yake, na Athmani akawa anauliza kama kuna harusi. Nenda Ijumaa usiku. Rudi saa kumi na moja jioni uone kama kuna watoto nje na mpira wao wa makaratasi. Na mlinzi wa getini mnunulie chai. Yeye ndiye anayejua maji yamekatika lini, nani kahama usiku bila kulipa, na kwa nini nyumba namba nne haikai mtu.

Lakini haya yote hutayaona kwenye simu. Likizo ya Agosti njooni wote mkae kwangu wiki mbili, tutembee mtaa kwa mtaa kwa miguu. Masweta msinunue huko, mtauziwa ghali, tutayachagua soko la mitumba la Gikomba. Niletee achari ya maembe, ya huku haina ukali.

Yule ajenti wako wa Ruaka akikwambia kuna mtu mwingine yuko njiani na pesa mkononi, mwambie amkaribishe.

Wasalimie mama na wa nyumbani wote.

Somo yako,
Rukia