Shosti, kuhusu mdogo wako na hiyo digrii ya picha

Shosti wangu,

Sauti uliyonitumia WhatsApp, kwamba mdogo wako anataka kusomea historia ya sanaa kama mimi na Mzee hataki, nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilicheka mpaka machozi pale Mzee alipouliza "atasomea picha halafu atakula picha?" Mara ya pili sikucheka sana maana ndo maneno yaleyale niliyoambiwa mimi mwaka naondoka kwenda London, na mama mkubwa alikuwa anawaambia watu kanisani eti nasomea sheria. Nimeona nikuandikie tu, kwa simu ningesahau nusu.

Kwanza msimdanganye dogo. Matangazo ya kazi yanayotaka mtu wa historia ya sanaa huku kwetu ni ya kutafuta kwa tochi, mi mwenyewe niliporudi si unakumbuka nilivyokaa nyumbani nauza vitenge vya mama. Hilo alijue kabla hajajaza fomu.

Ila sasa nikwambie nilichopata. Muhula wa kwanza mwalimu alitupeleka National Gallery, jumba la picha za kuchorwa pale London, akatusimamisha mbele ya picha moja ya mchoraji Jan van Eyck, ya mwaka 1434, mwanaume na mwanamke wamesimama chumbani wameshikana mikono, kapicha kenyewe kadogo hakafiki hata mita moja kwenda juu. Simu kwenye begi, dakika 40, andikeni mnachokiona. Mi dakika ya pili nishaandika mwanamke ni mjamzito, nikajiona nimemaliza. Akaja nyuma yangu akauliza, umeona mimba au umeona kitambaa? Nikaangalia tena, kumbe dada wa watu kakusanya gauni lake zito mbele ya tumbo kalishikilia kwa mkono, basi! Hapo ndo nikaanza kuona kweli, taa ya juu ina mshumaa mmoja tu unaowaka na ni mchana kweupe, machungwa yamewekwa dirishani kwa maringo maana kule Bruges, mji wa Ubelgiji alikokuwa anaishi mchoraji, hayaoti, yalikuwa yanaletwa kutoka mbali, nje mti una matunda lakini hawa wamejifunika manyoya, na ukutani kuna kioo cha mviringo ambacho ndani yake unaiona migongo yao na watu wengine wawili wamesimama mlangoni. Dakika 40 hazikunitosha.

Alafu darasani ndo kulikuwa na utamu. Mwaka 1934 msomi mkubwa, Erwin Panofsky, aliandika kwamba ile picha ni kama cheti cha ndoa ya mfanyabiashara mmoja Giovanni Arnolfini, na watu wengi wakaenda nalo hilo miaka na miaka. Baadaye ikaja kupatikana karatasi ya zamani inaonyesha Arnolfini huyo alioa 1447, na van Eyck alishakufa tangu 1441. Sahivi wengi wanasema yule pichani huenda ni binamu yake. Yaani karatasi moja, shosti. Tangu hapo mtu akiniambia kitu kwa kujiamini sana, namuuliza karatasi iko wapi.

Na ndo maana niko hapa kwenye bima. Mwaka jana yalikuja madai mawili, maduka mawili tofauti, watu wawili tofauti, yote mali imeharibiwa na maji. Wenzangu wako bize na hesabu. Mi nikaziweka picha kwenye skrini ubavu kwa ubavu kama tulivyokuwa tunafanya chuo, nikaona ufa ukutani, picha moja uko kulia, nyingine uko kushoto, lakini ni ufa uleule. Nikavuta karibu, pembeni kuna mfuko wa saruji, maandishi yake yanasomeka kinyume! Walichukua picha ileile wakaigeuza. Bosi akaniuliza nimejuaje, nikaanza kumwelezea Morelli, Mtaliano fulani wa zamani aliyesomea udaktari, alikuwa anamtambua mchoraji kwa jinsi alivyochora masikio na kucha za watu pichani, maana uso kila mtu anakazana kuuiga ila sikio mkono unalichora kwa mazoea. Bosi akasema sawa sawa, andika ripoti. Na ripoti ndo kitu kingine, mi naandika mtu akisoma anaiona mali bila kufungua picha, hiyo ni miaka mitatu ya kuambiwa futa neno "nzuri", sema rangi gani, wapi, kubwa kiasi gani.

Lugha nazo ajiandae, mi Kifaransa cha kusomea kilinitoa jasho, kuongea mpaka leo siongei.

Kuhusu Mzee usibishane naye. Ile picha ya harusi yake sebuleni kwenu, ya studio, yenye pazia lililochorwa ngazi na maua nyuma, mwambie dogo akae nayo saa nzima kimya aandike kila anachokiona, alafu amsomee baba yake baada ya chakula cha usiku. Aanze na viatu. Mi nimeviangalia vile viatu tangu tuko darasa la nne na nna uhakika si vyake, vimemzidi.

Niambie Mzee atasemaje.

Wako yuleyule