Daftari la marehemu baba

Kirumba, Mwanza

Shoga yangu Mwajuma,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Huku wazima, watoto wazima, mama mkubwa miguu inamsumbua vilevile. Yule wa Igoma kaolewa, utasimuliwa na wengine. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya baba, na simu zako mbili sikupokea. Nisamehe, sababu utaiona humu humu.

Unakumbuka uliponipa lile kaunta buku lake, ukasema kasome wewe, ndiye uliyekuwa ukimsikiliza? Nilifika nalo nikalifunga kwenye kanga, nikaliweka juu ya kabati. Miezi minne. Juzi mbalamwezi imeingia, mitumbwi imepandishwa, dagaa hakuna, nikalishusha. Kumbe ni Ayyuhal Walad, yaani "Ewe Mwanangu", kitabu cha yule mwanachuoni Imamu Ghazali, ameifasiri kwa mkono wake, wino wa bluu, na pale neno lilipomshinda ameacha nafasi akaandika "niulize". Ile "niulize" imeniliza.

Kitabu chenyewe ni barua, shoga. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma miaka mingi alimwandikia Imamu, anataka kujua katika elimu yote hiyo ni ipi itakayomfaa kaburini. Akajibiwa kwa mfano wa mtu aliyeko nyikani na panga kumi za Kihindi, tena shujaa, simba akamrukia. Panga zitamkinga asipozichomoa? Ndivyo alivyo mtu aliyesoma masuala laki moja asifanyie kazi hata moja.

Hapo nikafunga daftari. Mawazo yamekwenda kwenye sado.

Hili sijamwambia mtu. Sado yangu ya kupimia pale mwaloni kitako kimebonyea kwa ndani, unaweza kuweka ngumi. Sikuibonyeza mimi, ilidondoka kwenye mkokoteni. Lakini nilipoona kila gunia linanizidishia sado mbili tatu, sikununua nyingine. Mwaka wa pili huu. Na Al-Mutaffifin, sura ya wanaopunja vipimo, naijua tangu chuoni, wanangu nimewasomesha mwenyewe! Wailul lil-mutaffifin naitamka sikosei hata herufi, na mkono uko kwenye sado.

Darsa la Alhamisi nalipenda, wallahi, siliachi. Ila pale tumekaa wengi, na kila neno kali likisemwa naona linamfaa jirani. Alfajiri uko peke yako na maneno ya mwanachuoni, huna jirani wa kumtupia. Sasa nasoma ukurasa mmoja baada ya swala, hauzidi, maana hata huo mmoja nashinda nao hadi Isha. Tena Imamu si mtu aliyekuwa akiwaonya wengine huku yeye amestarehe. Baba ameandika pembeni kwamba mwaka 1095 Imamu alikuwa mwalimu wa Nidhamia, ile madrasa kubwa ya Baghdad, jina limeenea, mara ulimi ukamgomea darasani, chakula hakipiti, akaacha cheo chote akaondoka. Nilipoisoma hiyo nikajiambia, mimi nashindwa kuacha sado?

Nimenunua mpya. Nikamfuata yule mama wa uji, mteja wangu wa siku nyingi, nikamweleza. Akanitazama. Akasema, "Mbona nilijua. Ndiyo maana siku hizi nachukua kwa mwingine." Nikampa gunia zima, akapokea, hakusema zaidi. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Lakini wale wa Shinyanga, wa Kahama, waliopita mara moja tu? Nitawapata wapi? Ustadhi anasema nitoe sadaka kwa niaba yao. Nimeanza, na moyo bado haujatulia.

Ndiyo nikaona nikuandikie. Baba aliwahi kulizungumza jambo kama hili, haki ya mtu usiyemjua? Ba'mdogo wa Kashai bado anasomesha? Utaniulizia? Na zile nafasi zenye "niulize", nipeleke kwa Ustadhi azijaze, au tuziache kama alivyoziacha? Una madaftari yake mengine, au yaligawanywa? Nikilituma hili kwa meli pamoja na dagaa wako utakwenda kupokea bandarini mwenyewe? Usimtume kijana. Au waniachia mpaka nilimalize? Zimebaki kurasa kumi na moja.

Wasalimie wote hapo, na kaburi la baba ukilizuru nisomee Fatiha.

Wako,
Mama Shufaa