Saa nane au masaa nane: barua kwa shosti wangu wa Dodoma

Shosti wangu wa kitanda cha chini,

Mambo vipi huko Dodoma, upepo umepungua? Samahani sana nimechelewa kukujibu. Ile voisi yako ya dakika kumi na moja nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nimesimama kwenye daladala sisikii vizuri, mara ya pili jana usiku umeme umekatika nimelala zangu gizani, na nilipofika pale uliposema "hivi mi nijiunge na hicho chama cha wanafunzi wa famasi au nikae na madaftari yangu tu" nikaona hili halijibiki kwa meseji, acha niandike barua kama tulivokua tunaandikiana likizo.

Kwanza sapu yako ya kemia, huo mtihani wa marudio. Ifanye uimalize, chama kitakusubiri. Sitaki mtu akudanganye kwamba ukishapewa cheo GPA inajipanga yenyewe. Mi mwaka wa tatu muhula wa pili niliingia kamati tatu kwa mpigo, nikawa nalala alfajiri naandika ripoti za vikao, famakolojia niliyokua napata A ikaja na C na nililia kweli. Nikaachia kamati mbili nikabaki na moja, hiyo moja niliifanya vizuri na maksi zikarudi. Kwa hiyo chukua kitu kimoja tu.

Ila hao wanaokwambia mambo ya nje ya darasa ni kupoteza muda, hapo sikubaliani nao kabisa, na ngoja nikuhadithie babu mmoja ujue kwanini.

Likizo ya mwaka wa pili nilikua najitolea kwenye famasi moja hapa mjini, chini ya usimamizi wa mama mmoja mfamasia, sisi tulikua tunamwita Mama tu, yuko kwenye hii kazi tangu hatujazaliwa. Akaja babu mmoja ana cheti cha malaria, ameandikiwa dawa mseto. Unajua ALu, hiyo dawa mseto ya malaria, ilivyo, mtu mzima vidonge vinne kila dozi, dozi sita ndani ya siku tatu, jumla ishirini na nne, na dozi ya pili inakuja masaa nane baada ya ile ya kwanza alafu siku mbili zinazofuata ni asubuhi na jioni. Hiyo mi nilikua naijua hata ukiniamsha usingizini, niliijibu kwenye mtihani nikapata zote. Babu akameza dozi ya kwanza palepale kaunta, ilikua saa tano asubuhi, nikamuandikia kwenye bahasha kwa mwandiko mzuri kabisa: dozi ya pili, saa 8.

Babu akaenda nyumbani, ilipofika saa nane mchana akameza vinne vingine.

Umeona? Masaa matatu tu yalikua yamepita, alitakiwa ameze saa moja jioni. Na yeye alifuata nilichoandika, kosa ni langu. Kesho yake alirudi anasema kichwa kinazunguka na kichefuchefu hakimwachi, amekula uji kidogo tu. Mi miguu iliisha nguvu. Mama akamkalisha kwenye kiti, akampa maji, akamwambia "baba yangu hebu nieleze jana ulimezaje", akamuacha aeleze mpaka mwisho bila kumkatiza, alafu akampigia daktari aliyemuandikia wakapanga upya muda wa dozi zilizobaki na kumsisitiza ale kitu chenye mafuta kidogo au maziwa ndo ameze, maana dawa mseto inaingia vizuri mwilini ukiwa umekula. Babu alipona. Alirudi wiki iliyofuata kutusalimia, ananiita mjukuu wangu.

Jioni tulivofunga Mama hakunifokea, aliniuliza swali moja tu: "We ulimuuliza atameza saa ngapi?" Sikumuuliza. Nilikua nimemwambia, nimemuandikia, lakini sikumuuliza. Tangu siku hiyo hamna mtu anatoka mbele yangu hajanirudishia kwa mdomo wake mwenyewe, namwambia "mama ukifika nyumbani hii utaitumiaje?" na we mwenyewe utashangaa yanayotoka.

Unamkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili alivokua anatukata maksi tukiandika masaa? Anasema ni saa, hakuna masaa. Kwa sarufi sawa, sibishani nae, ila pale kaunta mi nasema masaa na sitaacha, kwasababu watu wa mtaani wameshajitengenezea tofauti, saa nane ni ile ya kwenye ukuta na masaa nane ni urefu wa muda, na hiyo tofauti inalinda mgonjwa. Sasahivi siandiki "baada ya saa 8" kabisa, nahesabu nae pale pale, naandika "meza tena saa 1 jioni leo", basi.

Kitu kingine ni ile "1x3" yetu, moja kutwa mara tatu. Kutwa kwa mtu wa kawaida ni jua kuchomoza mpaka kuzama, sasa unategemea nini, anameza zote tatu mchana kweupe na usiku mzima hamna dawa. Kama ni amoksisilini ya kila masaa nane mi namwambia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, nakaa namtazama nione kama saa nne usiku anakua macho au analala na kuku, tunasogeza kidogo kulingana na maisha yake.

Sasa kule chama kimenifaa hapo. Mi nilivosimulia haya kwenye kikao nilijua watanicheka, kumbe karibu kila aliyejitolea mahali ana babu yake. Tukaamua kazi yetu ya mwaka iwe maneno, yani kukusanya jinsi wagonjwa wanavyosema na wanavyoelewa maelekezo, tuandike lebo na vipeperushi kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nikapewa ukatibu. Mi niliyekua nashindwa hata kusoma taarifa ya habari paredi, nakumbuka ulikua unanishika mkono kwa nyuma, nikaenda kusimama mbele ya mtendaji wa mtaa kuomba kibali cha kufanya elimu sokoni. Mara ya kwanza barua yangu ilirudishwa, haina muhuri wala bajeti, nikaandika upya, mara ya tatu ikapita. Kuandika barua rasmi, kutunza hela za watu na kurudisha chenji yenye risiti, kumaliza kikao saa uliyoahidi, hivyo havina somo kwenye mitaala yetu ila intaniship, yale mazoezi ya kazi ya mwaka mzima yanayotusubiri mwakani, kabla Baraza la Famasi halijatusajili, vitahitajika vyote.

Soko tulienda wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa dawa, ile ya dunia nzima tarehe 18 mpaka 24 Novemba. Nilikua nimejiandaa na hotuba. Nimeanza tu kusema usinunue nusu dozi, mama ntilie mmoja akanyanyua sufuria akaniuliza, "Mwanangu nikinunua dozi nzima ya rangi mbili, leo watoto wanakula nini?" Watu wote kimya wananiangalia. Shosti, hotuba yote iliisha pale pale. Ningekua yule wa mwaka wa pili ningeendelea kusoma karatasi yangu. Nikashuka nikakaa nae kwenye benchi nikamuuliza hizo rangi mbili, zile kapsuli za antibaiotiki, huwa anazinunulia nini, akasema mafua ya watoto na kuharisha. Sasa hapo ndo nikapata cha kumwambia: mafua yanaletwa na virusi, rangi mbili haiyagusi, hiyo hela abaki nayo. Na mtoto anayeharisha maji maji mara nyingi hahitaji antibaiotiki, anahitaji ORS, ule unga wa chumvi na sukari, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku, kumi tu kama hajafika miezi sita, kwa siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumeacha, na akiona damu au mtoto amelegea hanywi, hapo asingoje duka, akimbie zahanati. Akasikiliza, akauliza tena na tena, wenzake wakasogea, tukawa darasa kabisa.

Nilijifunza pia wengi wanadhani usugu ni wa mwili, "mwili wangu ushazoea dawa". Nikawa naanza na hapo, kwamba kinachokua sugu ni vile vimelea, na vikishakua sugu kwako vinaweza kumpata jirani ambae hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Lile la jirani ndo linawagusa, nimeona usoni mwao.

Kwa hiyo jibu langu ndo hilo, jiunge, ila baada ya sapu. Alafu tafuta famasi ujitolee Jumamosi, hata kama kazi ya mwezi wa kwanza ni kuhesabu makopo na kupanga dawa inayokaribia kuisha muda iwe mbele. Usiione ndogo hiyo, kwenye kuhesabu ndo nilijua dawa gani watu wanakimbilia na zipi zinaozea shelfu.

Na kuna kitu nataka unisaidie we kwasababu una hazina nyumbani. Mama yako. Ruvuma ndo ilianza na maduka ya dawa muhimu, yale yaliyochukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, kabla ya mikoa mingine yote mwaka 2003, sisi bado tunabebwa mgongoni, na mama alifunga duka la dawa baridi akaenda mafunzo akarudi kufungua jipya palepale Songea. Miaka yote hiyo anaeleza watu dawa, wakulima, wazee wasiojua kusoma, wajukuu waliotumwa na bibi. Ukienda likizo mpe shikamoo yangu, kaa nae dukani siku mbili usiongee, sikiliza tu, na uniandikie anavyowaambia dozi ya pili ya mseto. Neno kwa neno, na kama anatumia Kingoni hapo katikati andika hivyo hivyo. Lebo zetu tunazichapisha mwezi ujao na ile sehemu ya masaa nane nimeiacha wazi nasubiri maneno yake.

Nakupenda sana, soma, kula vizuri.

Wako wa kitanda cha juu